Kabla ya Kulaumu Kompyuta, Toa PDF

Kijitabu cha shule kimepangwa Kakuma kwenye laptopu, kikatiwa kwenye flashi na kupanda matatu hadi Lodwar kuchapishwa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Mpiga chapa anakifungua: picha ya jalada ni sanduku la kijivu, za ndani zina ukungu. Mara nyingi kinachofuata ni kubahatisha. Mashine inazimwa na kuwashwa, programu inafutwa na kuwekwa upya, data inaisha, na sanduku bado ni la kijivu.

Njia ya mkato ipo, nayo inaanza na swali moja: ubovu uko kwenye skrini au kwenye faili? Toa PDF ya ukurasa ule mmoja wenye kasoro, uifungue kwenye simu. Picha ikitoka safi, faili ni zima na unachotafuta kiko kwenye maonyesho. Ikitoka na ukungu, hakuna mpangilio wa skrini utakaokusaidia.

Jaribio hili linafaa kwa sababu programu za kupanga kurasa kwa kawaida hazikuonyeshi picha yenyewe. Tangu enzi za PageMaker, programu ambayo Aldus walitoa mwaka 1985 kompyuta zikiwa na kumbukumbu finyu, ukurasa umezoea kubeba nakala nyepesi huku picha kamili ikibaki nje kwenye folda yake. Ni kama stakabadhi ya mzigo: mkononi una karatasi, gunia liko stoo. InDesign na Scribus bado hufanya hivyo. Publisher kwa desturi huimeza picha ndani ya faili, kwa hiyo haipotezi mzigo njiani, ila faili huwa zito.

Tuseme PDF ni safi. Kwenye InDesign, fungua menyu ya View, kisha Display Performance. Kuna ngazi tatu: Fast huonyesha masanduku ya kijivu tu, Typical huonyesha nakala nyepesi, na High Quality huonyesha picha kwa ubora wake. Huenda InDesign ya mashine hii imewekwa kufungua kila faili kwa Fast ili mashine isisuesue. Kama umepandisha ngazi na picha moja bado imegoma, ibofye kwa kitufe cha kulia: kila picha inaweza kuwa na mpangilio wake, nao hushinda ule wa kurasa zote.

Mistari na mabaka meusi yanayojitokeza unaposogeza ukurasa ni jambo jingine. Zima GPU Performance kwenye Preferences. Yakitoweka, mshukiwa ni draiva ya kadi ya michoro. Kwenye mashine iliyowekewa Windows upya, tazama Device Manager: ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, mashine haijapata draiva yake halisi. Na kama mabaka yanaonekana hata kabla ya kufungua programu yoyote, iache InDesign. Lodwar joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara na vumbi huziba feni. Safisha feni, mashine ipoe, ndipo ujaribu tena.

Sasa tuseme PDF ina ukungu. Fungua paneli ya Links. Pembetatu ya njano ina maana kwamba picha imebadilishwa tangu iwekwe. Duara jekundu lenye alama ya kuuliza lina maana kwamba haipatikani. Kwa kijitabu chetu, duara ndilo utakalolikuta. InDesign hukumbuka njia ya picha, yaani diski na folda. Picha zilikuwa kwenye folda ya Downloads kule Kakuma, na kwenye flashi limekuja faili la kurasa peke yake. Programu hutoa onyo wakati wa kutengeneza PDF, mtu akabonyeza OK bila kusoma, ikatumia nakala nyepesi. Hapo dawa ni kupiga simu Kakuma picha zitumwe.

Zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mtego wa pili unaanza. WhatsApp huzibana hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu. Duara jekundu linaondoka, skrini inapendeza, na kila mtu anadhani kazi imekwisha. Lakini A4 ina upana wa inchi 8.27: ukiitandaza picha hiyo kwa ulalo kwenye upana wote wa ukurasa, unapata pikseli 193 tu kwa inchi, wakati kipimo cha uchapaji mzuri ni 300. Kwa 300 picha hiyo inatosha upana wa sentimita 13.5, si zaidi. Usidanganywe na Actual PPI; soma Effective PPI, inayohesabu baada ya picha kuvutwa. Picha ya wanafunzi uwanjani inaweza kuvumilia 193. Nembo yenye maandishi madogo haivumilii. Zitumwe kama dokumenti, si kama picha, ili zisibanwe.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, tangazo moja laweza kuwa na Kiswahili, Kisomali, Kiarabu na Kiamhari, na jaribio letu linafaa hapo pia. Kiamhari kikigeuka visanduku hata kwenye PDF, fonti yenye herufi zake haipo. Herufi za Kiarabu zikiachana na kupangika kinyume, mpangilio wa aya ndio mbaya: chagua ule wa World-Ready.

Karibu yote haya huzuilika kule kazi inakoanzia. Amri ya Package hukusanya kurasa, picha na fonti nyingi katika folda moja. Folda hiyo ikisafiri pamoja na PDF iliyokaguliwa Kakuma, mpiga chapa wa Lodwar ana cha kulinganisha: kinachoonekana kwenye PDF na kukosekana kwenye skrini yake ni shida ya mashine yake, na mteja hana sababu ya kurudi nyumbani kufuata picha.