Arpejio Bila Adhabu: Bach Alivyoligeuza Zoezi Kuwa Muziki

Mwaka 1722, akiwa Köthen katika Ujerumani ya leo, Johann Sebastian Bach alikamilisha kitabu chenye jozi 24 za preludi na fuga, jozi moja kwa kila ufunguo wa meja na maina. Kwenye ukurasa wa mbele aliwataja aliowakusudia: vijana wenye hamu ya kujifunza muziki, na pia wale waliokwisha kubobea, ili wapate cha kujiburudishia. Kisha akakifungua kitabu kwa preludi ya C meja ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni arpejio tupu. Haina sauti ya juu ya kupigia mluzi wala mbwembwe za vidole.

Arpejio ni kodi iliyofunguliwa: nota zake, badala ya kupigwa kwa pamoja, zinapigwa moja baada ya nyingine. Kwa wanafunzi wengi wa piano hilo ndilo zoezi la kwanza kurukwa muda ukiwa mfupi. Do, mi, so, do, mi, so hadi juu, halafu kurudi chini. Ufunguo unaofuata, vivyo hivyo. Bach alitumia malighafi hiyohiyo akapata kitu ambacho watu wanakipiga kwa hiari miaka 300 baadaye. Alifanyaje?

Kwa ufupi, aliuacha mkono urudie jambo lilelile, akalipa sikio jambo jipya kila baada ya sekunde chache. Mazoezi ya kawaida ya arpejio hufanya kinyume chake. Kodi imesimama palepale, sikio halina la kusubiri, na vidole peke yake ndivyo vinavyohangaika.

Umbo moja, mara 64

Preludi hiyo ina vipimo 35, kipimo kikiwa ni kile chumba kilicho kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya muziki. Katika vipimo 32 vya mwanzo umbo ni moja. Mkono wa kushoto unapiga nota mbili, wa kulia unapiga tatu, kisha unazirudia hizo tatu. Kwa solfa, kipimo cha kwanza kinakwenda hivi: do mi, so do mi, so do mi. Hizo ni nota nane, nazo zinarudiwa zote kabla ya kuvuka mstari. Ukipiga hesabu, umbo hilo linachezwa mara 64. Mwalimu akikuagiza urudie zoezi moja mara 64 utatafuta udhuru, lakini hapa unafika mwisho ukitaka kuanza upya.

Angalia vipimo vinne vya kwanza. Cha kwanza ni nyumbani, do. Katika cha pili besi haijasogea, bado ni do, ila kidole kinachofuata sasa kinapiga re, na nota hizo mbili zilizo jirani zinasuguana. Katika cha tatu besi inashuka hadi ti, na juu yake wamekaa re, so na fa: kodi inayotaka kurudi nyumbani, na kila aliyewahi kuimba kwaya anaisikia kiu hiyo. Cha nne kinarudi. Kuondoka, kusuguana, kutaka kurudi, kurudi: hadithi kamili imekwisha, na mikono haijafanya lolote jipya ila kusogea kidogo.

Sasa nenda kipimo cha nane. Mkono wa kushoto una ti na do, nota mbili zilizopishana kwa nusu hatua tu. Mwanafunzi anayekifikia kwa mara ya kwanza husimama akidhani amekosea. Hajakosea. Bach ameutia mwiba pale makusudi, na kipimo cha tisa kinauchomoa kwa kubadilisha nota moja tu: besi inashuka kutoka ti hadi la, nyingine zote zinabaki zilipokuwa. Utulivu anaousikia mpigaji hapo umeletwa na kidole kimoja.

Mbele zaidi mambo yanakolea. Kipimo cha 22 besi ipo kwenye fa iliyopandishwa nusu hatua, cha 23 imeruka hadi la iliyoshushwa nusu hatua. Kati ya hizo mbili ipo so, ambayo besi imeizunguka pande zote mbili bila kuigusa. Kipimo cha 24 inatua juu yake, na haiondoki hapo kwa vipimo vinane mfululizo huku kodi za juu zikibadilika. Mruko huo ulimtatiza hata mwanamuziki mmoja Mjerumani, Christian Friedrich Gottlieb Schwencke, aliyeongeza kipimo kimoja katikati ili kuulainisha. Nyongeza hiyo ikaingia kwenye nakala zilizochapishwa, na Charles Gounod wa Ufaransa alipotunga sauti ya juu ya kuimbwa juu ya preludi hii, miaka ya 1850, aliichukua pamoja nayo. Kazi hiyo ndiyo Ave Maria inayosikika kwenye ndoa na misa. Anayepiga kinanda chini ya mwimbaji anapiga arpejio za Bach, pamoja na kipimo ambacho Bach hakukiandika.

Kitu kingine kimejificha kwenye mkono wa kushoto. Bach hakuandika nota zake mbili fupi kama za kulia. Ziliandikwa ndefu, maana yake kidole kikishabonyeza kisinyanyuke hadi umbo liishe. Vinanda vya wakati wake havikuwa na pedali ya kuendeleza sauti, kwa hiyo vidole vyenyewe ndivyo vilivyoitunza kodi. Jambo hilo linamfaa sana mwenye kinanda cha umeme cha vibonyezo 61, kile kilichozoeleka makanisani. Pedali si lazima, na vibonyezo vinatosha: nota ya chini kabisa ya preludi hii ni C ileile ambayo kwa kawaida ndiyo kibonyezo cha mwisho upande wa kushoto.

Kuihamisha mbinu kwenye mazoezi yako

Kwanza, funga kabla ya kufungua. Kila kimoja cha vipimo 32 vya mwanzo kipige kama kodi moja, nota zote tano kwa mpigo mmoja, ukitaja solfa za kodi hiyo kwa sauti. Utagundua kwamba kutoka kodi moja hadi nyingine mara nyingi vidole viwili au vitatu havihami. Ukishajua nani anahama na nani anabaki, ndipo uzifungue. Anayeanza na nota moja moja anakariri orodha ndefu, wakati anayeanza na kodi anakariri 32 tu, pamoja na vipimo vitatu vya mwisho.

Pili, usingoje uwe na kitabu cha Bach. Wimbo wowote wa kwaya ulioandikwa kwa sauti nne ni ghala la kodi, kwa sababu soprano, alto, tena na besi wakiimba silabi moja wanatengeneza kodi. Chukua wimbo unaoupenda, chagua kodi moja kwa kila kipimo, kisha itandaze kutoka besi hadi soprano kwa umbo la Bach: kushoto mbili, kulia tatu, rudia tatu (sauti ni nne na umbo lina nota tano, kwa hiyo nota moja irudie katika oktava nyingine). Soprano ikibaki juu, utasikia wimbo wenyewe ukielea juu ya arpejio. Hapo umefanya zoezi la mkono, la kusoma na la kusindikiza kwa pamoja, na wimbo wa Jumapili umeiva.

Tatu, chezea mdundo. Arpejio ya kawaida ina nota tatu, do mi so. Ipige kwa makundi ya nne, ukikaza nota ya kwanza ya kila kundi: do mi so do, mi so do mi, so do mi so. Mkazo unaanguka kwenye do, halafu mi, halafu so, na baada ya nota 12 umerudi ulipoanzia. Kila nota imepata zamu ya kukazwa, na kidole cha pete ambacho huzembea hakina pa kujificha. Faida ya pili ni kwamba zoezi limepata mwendo unaotikisika, hivyo mwili hauchoki haraka.

Wapiga gitaa wa Katanga, kusini mwa Kongo, wanalijua hili siku nyingi. Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alimrekodi mwaka 1952 akipiga “Masanga”, alifungua kodi chache kwa gumba na kidole cha shahada, gumba likishika besi na mwenzake kikijibu juu, mikazo ikipishana. Katika muziki wa namna hiyo arpejio ndiyo wimbo wenyewe, wala haisubiri wimbo. Kodi za do, fa na so zinatosha kukuweka kwenye piano nusu saa nzima ikiwa mkazo unahama.

Gumba na mruko wake

Kuna jambo ambalo preludi ya Bach haifundishi. Kwa kuwa mikono miwili inagawana kodi, gumba halilazimiki kupita chini ya vidole vingine. Kwenye arpejio ndefu ya oktava tatu au nne ni lazima lipite, na hapo ndipo maumivu na nota za kujikwaa hutokea. Katika skeli ya C, mkono wa kulia unapopanda, gumba linapita chini ya kidole cha kati kutoka mi hadi fa, jirani wa karibu. Katika arpejio linatoka so hadi do ya juu, mwendo mrefu zaidi. Ukilinyoosha chini ya kiganja kwa nguvu, kiwiko kinapanda na kifundo kinakaza. Uache mkono wote usogee kando ukiongozwa na kigasha, gumba lifike pale kwa sababu mkono umelipeleka.

Wala mazoezi haya ya gumba usiyaanze na C. Mtunzi Chopin, alipofundisha Paris, aliwaanzishia wanafunzi skeli ya B meja, akisema ya C ni rahisi kuisoma lakini ngumu kwa mkono. Vidole virefu vya katikati vinatulia vizuri juu ya vibonyezo vyeusi, na gumba, ambalo ni fupi, linabaki kwenye vyeupe. Kwa arpejio kanuni ni hiyohiyo. Jaribu D meja: gumba kwenye D, cha shahada kwenye F iliyopandishwa ambayo ni nyeusi, cha kati kwenye A. Mkono unakaa umejikunja kama ulivyoumbwa, na gumba linapata nafasi ya kupita. A meja na E meja zina umbo hilohilo, kwa hiyo ukishaipata moja umezipata tatu.

Chopin huyohuyo aliichukua mbinu ya Bach akaivuta hadi mwisho wa uwezo wa mkono. Etyudi yake ya kwanza ya Op. 10, iliyochapishwa mwaka 1833, nayo ni ya C meja, nayo inashikilia umbo moja karibu mwanzo hadi mwisho huku kodi zikihama. Tofauti ni kwamba mkono wa kulia unatanuka kupita oktava na kufagia kinanda kizima kwa kasi kubwa. Isikilize mapema, ila usikimbilie kuipiga, maana mkono ambao haujazoea kulegea unaumia. Hatua ya kati ipo: Op. 100 ya Friedrich Burgmüller, namba 21, ambamo mikono inapokezana arpejio za nota tatu tatu, iliandikwa kwa wanaojifunza.

Beethoven anaongeza somo moja. Sehemu ya tatu ya sonata yake ya Op. 27 namba 2, ile inayojulikana kama ya mbalamwezi, inaanza kwa arpejio za C maina iliyopandishwa nusu hatua zinazokwea kwa kasi, na kila zikifika juu zinagonga kodi mbili za nguvu. Kule juu pana kitu kinachosubiri. Arpejio zetu za mazoezi hufika oktava ya nne na kugeuka kimyakimya, kwa hiyo mpigaji anapoa kabla ya kufika. Weka kodi mbili kileleni, uzipige kwa uzito, kisha ushuke. Kasi itapanda yenyewe, kwa sababu mkono unajua unakokwenda.

Zile za mtihani

Bado zipo arpejio za lazima. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambayo inafanywa Kenya, Uganda na Tanzania pia, inazidai katika gredi nyingi za piano, na mtahini hatataka kusikia Burgmüller pale alipoomba E maina. Lakini orodha ya mtihani inaeleza nini kitaulizwa, haielezi ufanye mazoezi kwa mpangilio gani. Wengi wanakwenda kwa herufi, A, B, C, na kutoka moja hadi nyingine sikio halioni undugu wowote.

Zipange kwa ujirani. Anza C meja, yenye C, E na G. Badilisha G iwe A, umepata A maina. Badilisha E iwe F, umepata F meja. Badilisha C iwe D, umepata D maina. Inayofuata ni B iliyoshushwa nusu hatua, meja, halafu G maina, na kuendelea. Kila hatua nota mbili zinabaki na moja inahama, ileile kanuni ya kipimo cha nane na cha tisa. Piga oktava moja tu ya kila kodi kabla ya kwenda oktava mbili, ukitaja nota inayohama dakika hiyohiyo inapohama. Ukiufuata mnyororo bila kuruka utapita kodi zote 24 za meja na maina, hakuna itakayojirudia, na ya 25 itakuwa C meja. Mtahini akiomba E maina utaipiga kama yeyote mwingine, ila wewe utakuwa unajua imetokana na G meja na inaelekea C.