Geuza Upande wa Nyuma: Namna ya Kupima Kitambaa cha Kroshia cha Zawadi ya Krismasi

Mtu asiyefuma akipewa kitambaa cha kroshia hukikunjua, akakikadiria ukubwa kwa macho, akashukuru. Mwenye kufuma hukigeuza upande wa nyuma kabla hajasema lolote. Desemba hii wengi watasafiri kwenda makwao, Moshi, Bukoba, Kisii, Machakos, wakiwa na vitambaa ndani ya mabegi, na watawakabidhi mama wakwe, mashangazi na mawifi ambao baadhi yao wameshika sindano ya kroshia tangu wako shule ya msingi. Hao watageuza. Zawadi yenyewe haina gharama kubwa: donge moja au mawili ya uzi, na sindano ambayo ukiitunza itakuzika. Kwa kuwa fedha iliyoingia ni kidogo, unachompa mtu hasa ni mkono wako, na mkono una vipimo vyake. Hata asiyefuma anaweza kujifunza kuvitumia.

Anza na wanga. Kitambaa kisipimwe kikiwa kimekazwa kwa wanga na kupigwa pasi, maana wanga ni mfichaji hodari. Hushikilia vitanzi vilivyolegea, hunyoosha ukingo uliopinda, hulaza chini duara lililotaka kunyanyuka. Kikifuliwa mara moja tu, kila kilichofichwa hutoka. Kama unafuma mwenyewe, kipime kikiwa kikavu, laini, hakijaguswa na pasi. Kama unanunua kwa mfumaji mwingine, muombe akuonyeshe ambacho hajakimalizia. Mfumaji mzuri hatasita, na wengi wao hufurahi kuulizwa swali hilo kwa sababu linaonyesha anayenunua anajua anachokitafuta.

Sasa kilaze mezani. Kama ni cha duara, hapa ndipo hesabu ya mfumaji inapoonekana. Duara huanza na mnyororo mfupi uliofungwa kuwa pete, kisha mzunguko juu ya mzunguko. Kadiri linavyotanuka, mzingo wake huongezeka kwa kiasi kilekile kila mzunguko, na vitanzi navyo lazima viongezeke kwa hesabu hiyo. Kwa vitanzi virefu, vile unavyozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka, mzunguko wa kwanza huwa na 12, wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48. Kwa vitanzi vifupi unaanza na 6 na kuongeza 6 kila mara. Mikono inatofautiana, na mwenye kukaza sana anaweza kulazimika kuongeza zaidi kidogo, lakini hesabu hii ndiyo msingi. Aliyeongeza pungufu, kitambaa chake kitanyanyua kingo na kuwa bakuli. Aliyezidisha, kingo zitajaa mawimbi. Pitisha kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kisipopanda wala kushuka popote, mfumaji alikuwa akihesabu.

Kuna kosa jingine la duara ambalo hata wafumaji wa siku nyingi hulipitisha. Ukiweka nyongeza juu ya nyongeza, mahali palepale kila mzunguko, duara huota pembe. Ukianza na 6 utapata umbo la pembe sita, na hakuna pasi itakayolirudisha. Dawa yake ni kuzihamisha nyongeza kila mzunguko ili zisirundikane kwenye mstari mmoja. Ukiona kitambaa ambacho ukingo wake ni mviringo kweli, bila pembe zilizojificha, ujue aliyekifuma hakufuata tu maelekezo, alielewa sababu yake.

Muundo wa nanasi unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unapendwa sana na kwa sababu hauwezi kudanganya. Chini kuna vitanzi virefu vilivyofumwa vyote kutoka mahali pamoja, vikatandazika. Juu yake yanakuja matao madogo ya mnyororo, na kila mstari unaofuata hupungua tao moja: matao tisa, manane, saba, mpaka linabaki moja kileleni. Yahesabu. Mstari uliopoteza matao mawili kwa mpigo hulipindisha nanasi upande mmoja, na ncha yake haitaelekea nje ya kitambaa tena. Kisha tazama matao yenyewe. Yote yawe na idadi moja ya vitanzi vya mnyororo, tuseme vitatu vitatu, na nafasi iliyo ndani ya kila tao iwe sawa na ya jirani yake. Kitambaa chenye mananasi sita ambayo yote yamesimama wima na ncha zake zimeachana kwa umbali mmoja ni kazi ya mtu aliyetulia. Mimi kitambaa cha namna hiyo, hata kikiwa na upana wa sahani, nakiweka juu ya kitambaa cha meza nzima kilichofumwa kwa haraka.

Mkazo wa uzi ndio mgumu zaidi kuueleza, ingawa ukishauona mara moja hutausahau. Kinyanyue kitambaa kwenye mwanga wa dirisha na utazame macho yake, yaani zile nafasi zilizo wazi. Katika kazi nzuri macho ya aina moja yanalingana kuanzia katikati hadi ukingoni. Katika kazi ya mtu aliyefuma leo ametulia na kesho ana hasira utaona mistari mitatu iliyobana, kisha miwili iliyolegea, na mahali alipolala na kuamka panaonekana wazi. Wanaofuma kwenye daladala au kwenye foleni ya hospitali wanalijua hili, na wenye busara hufanya mistari rahisi wakiwa safarini, wakaacha ile ya hesabu kwa ajili ya kibarazani jioni.

Kroshia ina huruma moja kubwa: inafumuka. Ukivuta uzi kutoka kitanzi cha mwisho, kazi yote itarudi nyuma hadi pale kosa lilipo. Mfumaji anayefumua mistari minne kwa ajili ya kitanzi kimoja kilichorukwa anastahili heshima. Uzi uliofumuliwa hujikunjakunja, na ukiufuma hivyohivyo mkazo wote utaharibika. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu mbili tatu usije ukachanganyika, uloweke, uuanike ukiwa na uzito kidogo unaouvuta chini. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Ndipo sasa unakigeuza. Upande wa nyuma unatafuta mikia ya uzi: mahali donge liliisha na jingine likaanza, mahali rangi ilibadilishwa, mahali kazi ilikomea. Mkia uliokatwa kwa mkasi karibu na kitanzi utachomoka baada ya kufuliwa mara chache. Fundo lililofungwa katikati ya kitambaa nalo ni aibu, maana litatokeza upande wa mbele kama halijafunguka lenyewe. Mkia ulioshughulikiwa vizuri umepitishwa kwa sindano butu ndani ya vitanzi, sentimita tano au zaidi, kisha ukarudishwa kwa njia nyingine ili ujishike wenyewe. Kivute kitambaa taratibu huku na huku. Mkia usipojitokeza, umekaa. Kwenye vitambaa vya vipande vilivyounganishwa, kagua maungio kwa namna hiyohiyo. Pembeni vinapokutana vipande vinne ndipo pa kuchanika kwanza, na palipoachwa tundu leo patakuwa na pengo kufikia Pasaka.

Kuhusu uzi wenyewe, pamba ndiyo ya vitambaa vya nyumbani. Nyuzi za plastiki zinazouzwa kwa bei ya chini zina rangi za kuvutia na zinafaa kwa shali au mfuko, lakini kitambaa kitakachowekewa sufuria ya moto kisifumwe kwa uzi huo, kitayeyuka. Kipimo chake ni kiberiti: choma ncha ndogo ya uzi ukiwa mbali na kitu cha kushika moto. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Uzi wa plastiki unajikunyata, unayeyuka, unaacha punje nyeusi ngumu. Kwenye lebo ya uzi wa kroshia utaona nambari, 10, 20, 30 na kuendelea, na kadiri nambari inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Anayeanza achukue nambari 10 na sindano ya karibu milimita 1.5. Huo mng'ao wa pamba nzuri ya kroshia una historia yake: mwaka 1850 John Mercer wa Lancashire, Uingereza, alisajili njia ya kuitibu pamba kwa kostiki soda ili iwe imara na ishike rangi, na miaka arobaini baadaye Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi ukivutwa wakati wa kutibiwa hupata mng'ao. Uzi wa namna hiyo hautoi manyoya upesi. Usugue kati ya vidole kabla ya kulipa. Ukitoka vumbi la pamba, uache.

Krismasi inadai nyekundu na kijani, na nyekundu ndiyo inayoharibu zawadi nyingi kuliko kosa lolote la kufuma. Kabla hujafuma mstari hata mmoja wa nyekundu karibu na nyeupe, kata kipande cha uzi, kiloweshe maji ya uvuguvugu, kikunje ndani ya kitambaa cheupe na ukikandamize kwa pasi. Kikiacha doa, fuma kitu chekundu kitupu. Usijidanganye kwamba mwenyewe atakifua kwa uangalifu.

Swali la nini cha kufuma lina jibu fupi kama muda umebaki wiki mbili: kifuniko cha jagi. Ni kitambaa cha duara, upana wa kiganja na nusu hivi, chenye shanga ukingoni zinazokivuta chini ili upepo usikipeperushe na nzi asipate njia. Kila nyumba ina jagi la maji au la maziwa, kwa hiyo kitatumika kila siku, na ni kidogo kiasi kwamba unaweza kukifumua chote na kukirudia bila machozi. Ubora wake uko kwenye shanga. Zilizo nzuri zilitungwa kwenye uzi wa kufumia kabla ya kazi kuanza, kisha zikasogezwa moja moja na kufungiwa ndani ya kitanzi. Zilizoshonewa baadaye kwa uzi wa cherehani zitadondoka. Chagua za kioo, kwa kuwa za plastiki ni nyepesi na kifuniko kitaruka na upepo wa kwanza. Zipangwe kwa umbali sawa. Ukinyanyua kifuniko kwa kukishika katikati, ukingo wote ushuke kwa pamoja. Ukishuka upande mmoja, shanga hazikuhesabiwa.

Kama zawadi ni ya mtoto mchanga, kofia au soksi, ingiza vidole ndani na uvitanue. Uzi wowote unaokatiza mle ndani utanasa kidole cha mtoto. Vifungo na maua ya kupachika yaache kabisa, mtoto huvuta kila kitu na kukipeleka mdomoni.

Kazi ikishapita vipimo hivyo ndipo wanga unaruhusiwa, na hapo unakuwa pambo, haufichi kitu. Kifue kitambaa kwanza, maana uzi uliopitia mikononi kwa wiki nzima una jasho hata kama hulioni. Tandika khanga safi juu ya godoro, kilaze juu yake kikiwa na unyevu, kibane kwa pini kutoka katikati kwenda nje, ukivuta kila ncha ifike umbali mmoja. Tumia pini zisizoshika kutu. Kama unataka kisimame, koroga kijiko cha wanga wa muhogo kwenye maji baridi, umimine maji yanayochemka huku ukikoroga hadi uji uwe mwepesi na unaopitisha mwanga, uuache upoe, uchovye kitambaa na kukikamua kabla ya kukibana. Wapo wanaotumia maji ya sukari, na kweli hukaza sana, ila sisimizi watakuwa wageni wa kwanza siku ya sikukuu.

Kisikunjwe. Mkunjo uliokaa wiki nzima ndani ya begi huacha mstari unaokata muundo katikati. Kizungushe kwenye bomba la karatasi, au kwenye gazeti lililoviringishwa na kufunikwa kwa kitambaa cheupe, na ukifunge kwa kipande cha uzi uleule uliobaki. Usiukate mfupi uzi huo: mita mbili tatu zitamfaa mwenye zawadi siku kitanzi kitakapokatika. Na unapomkabidhi mweleze namna ya kukifua: maji ya kawaida, sabuni ya kipande, kwa mkono, kikamuliwe kwa kubonyezwa na kianikwe kimelazwa kivulini. Asikitie jiki, maana hula pamba taratibu, na kitambaa kilichozoea jiki huanza kukatika katikati, palepale kilipoanzia.