Siti binti Saad Katika Picha za Wengine

Ni wasanii wachache wa Kiswahili waliochorwa kwa maneno mara nyingi kama Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 na kufariki 1950. Hata hivyo, wingi wa picha hizo haujatuwezesha kumwona kama mshairi. Makala haya yanadai kwamba katika kila picha Siti ametazamwa, amedhihakiwa au ametukuzwa, bali kazi yake ya utunzi imeachwa pembeni.

Picha ya kwanza ilichorwa na wapinzani wake. Walimwimbia vijembe kwa sababu ya sura yake, nasaba yake na umaskini aliotoka nao shamba, alikokuwa akichukua vyungu kuvileta mjini kuuza. Jina lake la utotoni, Mtumwa, lilitosha kueleza daraja aliyowekewa na jamii. Siti alijibu kwa wimbo unaoshusha thamani ya uzuri na ukoo na kuipandisha akili. Jibu hilo husimuliwa kama kisa cha ujasiri. Ni nadra kuhakikiwa kama shairi. Ilhali nguvu yake imo katika fani: anayeshambuliwa hajitetei kwa vipimo vya adui, bali anabadilisha kipimo chenyewe.

Picha ya pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Kitabu hiki kimemwokoa Siti na usahaulifu, na kwa hilo fasihi yetu ina deni. Lakini mwandishi alikuwa mwalimu wa maadili. Maisha ya Siti yanakuwa somo la juhudi na tabia njema, na nyimbo zinakuwa ushahidi wa somo hilo. Msomaji anafunga kitabu akimstahi mwanamke huyu kuliko anavyozijua tungo zake.

Picha ya tatu ni ya zama za karibu zaidi. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa 1987, kilikiita chombo chake Sauti ya Siti. Heshima hiyo ni kubwa. Hata hivyo, kinachokumbukwa ni sauti tena.

Kwa nini mtunzi amefichika hivi? Jibu limo katika mazoea yetu ya uhakiki. Tumezoea kumtafuta mshairi mmoja mwenye kalamu, naye Siti hakusoma wala kuandika. Tungo zilizalika barazani, nyumbani kwake, pamoja na wenzake kama Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruku, habari za mji zikipimwa na kutiwa vina. Mhakiki asiyeutambua utunzi wa namna hiyo humwita Siti mwimbaji, akadhani amemaliza.

Wimbo wa Kijiti unakanusha dhana hiyo. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mwuaji akaponyoka, na waliofikwa na mkono wa sheria wakawa wanawake waliofuatana na marehemu. Kulichagua tukio hilo, na kulipanga hadi hukumu ya mahakama nayo ihukumiwe na wasikilizaji, ni kazi ya mtunzi. Siti na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, walikuwa wamebeba fasihi, si burudani tupu.

Suala hili halikomei Unguja. Kwetu Lweba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, nyimbo za harusi na za msiba hutungwa na wanawake ambao majina yao hayaandikwi. Anayezikusanya huandika kabila, kijiji na shughuli, kisha huenda zake. Hapo nasi tunarudia kosa lile lile: wimbo unahifadhiwa, mwenyewe anapotea.

Ipo haja, basi, ya kuzisoma upya tungo zinazohusishwa na Siti zikiwa tungo, kwa kuchambua mizani, mafumbo na mpangilio wa visa, na kuwataja wote walioshiriki kuzitunga. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kumtundika ukutani mtu ambaye hatujamsikiliza.