Mswada Ulitangulia Kura: Jinsi Kilimo Kilivyohalalishwa Kampala

Kampala haina kundi la madiwani wa chama cha kijani lenye sauti barazani. Siasa za jiji hili zimezoeleka kuwa mvutano kati ya chama tawala cha NRM na upinzani. Hata hivyo, kazi ambayo kundi kama hilo lingejivunia kwingineko ilifanyika hapa mwaka 2005, pale Baraza la Jiji lilipopitisha sheria ndogo za kuruhusu na kusimamia kilimo, ufugaji, na biashara ya maziwa, nyama na samaki mjini. Kabla ya hapo, kanuni za afya zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ziliihesabu mihogo ya nyuma ya nyumba na ng'ombe wa uani kuwa kero ya kuondolewa. Namna mabadiliko hayo yalivyopatikana inaonyesha kwamba barazani wachache hushinda kwa kufika na mswada uliokwisha kuiva, juu ya jambo ambalo wengi hawajapata sababu ya kulipinga. Kuhesabu kura huja baadaye.

Ushahidi ulikuwepo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alikuta kwamba karibu theluthi moja ya kaya za Kampala zililima ndani ya jiji, na kwamba watoto wa kaya hizo walikuwa na lishe bora kuliko wenzao wa kaya maskini zisizolima. Takwimu hizo zilikaa miaka mingi bila kugeuzwa kuwa sheria. Kilichozipa uhai ni ugatuzi: Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliwaweka maofisa kilimo na mifugo chini ya halmashauri, na Kampala ikajikuta inawalipa mishahara wataalamu wa kazi ambayo kanuni zake zenyewe ziliipiga marufuku. Maofisa hao ndio waliokuwa na haja ya sheria mpya kuliko mtu mwingine yeyote. Walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na shirika la Environmental Alert, na mwaka 2004 ushirikiano huo ukapata umbo la kamati ya kuratibu kilimo, mifugo na chakula mjini. Rasimu zilipelekwa kwa wakulima na viongozi wa divisheni, zikajadiliwa na kurekebishwa kabla ya kura. Tena ziliandikwa kwa lugha ya afya ya jamii: kibali kwa mfugaji, marufuku ya kulima kwenye ardhi oevu na palipowahi kuwa dampo, usafi wa maziwa. Diwani aliyeogopa kipindupindu na diwani aliyetaka kura za wafugaji waliweza kuunyooshea mkono mswada ule ule. Meya wakati huo alikuwa John Ssebaana Kizito wa DP, chama cha upinzani, na hilo halikuukwamisha.

Mtu atasema kazi hiyo ilikuwa ya wataalamu, madiwani walinyoosha mikono tu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ofisa kilimo hana kiti barazani, wala mtafiti wa Makerere hawezi kuwasilisha mswada. Bila diwani wa kuubeba mbele ya kamati, rasimu ingebaki kabatini kama takwimu za Maxwell. Kisha ilibaki safari ya kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwenye gazeti rasmi, na sheria hizo zilichapishwa mwaka 2006. Ndiyo maana diwani mmoja mwenye subira ana thamani zaidi kuliko kumi wenye hotuba.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sheria bila fedha ni karatasi. Hapa ushahidi unauma, hasa kwa upande wa taka. Kampala ina sheria ndogo ya taka ngumu tangu mwaka 2000, lakini tarehe 10 Agosti 2024 lundo la dampo la Kiteezi, lililofunguliwa 1996 katika wilaya jirani ya Wakiso, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Isitoshe, Sheria ya Mamlaka ya Jiji Kuu ya 2010 ilimkabidhi utendaji na hesabu za fedha mkurugenzi anayeteuliwa na Rais, na madaraka ya madiwani yakapungua. Mbinu ya 2005 haiwezi kurudiwa ilivyo, kwa sababu ofisa wa leo anamwangalia mkurugenzi kabla ya kumwangalia diwani.

Hilo linabadilisha mahali pa kupigania, na sidhani kama linafuta uwezo wa wachache. Mamlaka hiyo ya Jiji Kuu yenyewe iliendeleza kilimo cha mjini kupitia kituo chake cha mafunzo cha Kyanja, ishara kwamba jambo likishahalalishwa hupata wenyewe hata uongozi ukibadilika. Kwa taka, mswada mwingine hauhitajiki sana. Wachache wenye nia wangeanzia kwenye kamati ya bajeti: wadai kila mwaka fungu la kutenganisha taka masokoni, ambako mabaki mengi ni maganda ya matoke na mboga yanayoweza kuwa mbolea au chakula cha mifugo, na wadai ripoti ya hali ya dampo isomwe barazani kabla makadirio hayajapitishwa.