Manowari Tusizozisoma: Kuurudia Utenzi wa Hemedi bin Abdallah

Tulipofika darasani kwenye Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, tuliufanyia kile tunachozifanyia tenzi zote. Tulihesabu mizani nane katika kila kipande, tukaonyesha vina vinavyobadilika na kile kisichobadilika, kisha tukaorodhesha dhamira: ushujaa, uzalendo, usaliti. Bahari pekee tuliyoitaja ilikuwa kina cha bahari.

Nilipouliza kuhusu meli, mwenzangu mmoja alicheka: "Wewe mtu wa Koboko, manowari zinakuhusu nini?" Swali hilo nilikwenda nalo likizo.

Siukosoi utenzi, naukosoa usomaji wetu. Tukiuchukua kama habari ya mashujaa wa nchi kavu tu, hatuwezi kueleza kwa nini walishindwa. Wengi wetu huandika katika mtihani kwamba silaha zao zilikuwa duni. Jibu hilo si la uongo, ila ni jepesi. Bunduki na baruti za watu wa Mrima ziliingia kwa bahari, na aliyeufunga mlango huo alikuwa ameshaamua nusu ya vita.

Tuyaangalie matukio yenyewe. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti kampuni ikaanza kuichukua. Watu wakakataa. Mnamo Septemba manowari ilipiga mizinga Tanga, na huko Bagamoyo mabaharia wa manowari Leipzig walishuka kupigana. Kampuni ilifukuzwa karibu kila mahali, ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam. Kwa nini miji hiyo miwili? Si kwa sababu wenyeji wake waliwapenda zaidi Wajerumani. Ni kwa sababu manowari ziliweza kutia nanga mbele yake.

Desemba ya mwaka huohuo meli za Ujerumani na Uingereza zilianza kuifunga pwani yote, na hali ikawa hiyo hadi Oktoba 1889. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Msomaji asiikubali sababu hiyo yote, wala asiitupe yote, maana biashara ya watumwa ilikuwapo kweli. Lakini Uingereza haikuingia kwa ajili hiyo tu. Haikutaka kumwachia Mjerumani bahari hii peke yake. Kumbe mataifa mawili yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho la pembeni ndiyo yaliyolinda pwani bega kwa bega, na Bushiri bin Salim akawa katikati.

Hapa ndipo ninapomjibu mwenzangu. Mwaka 1889 Wissmann alikuja na mamia ya askari wa Kisudani walioandikishwa Misri, wengi wao wakiwa wamelitumikia jeshi la nchi hiyo. Jeshi hilohilo lilikuwa na kambi Wadelai, kando ya Nile upande wetu wa West Nile, chini ya Emin Pasha na meli zake mbili ndogo za moshi. Wanubi wengi wa Arua na Koboko hujihesabu kuwa wazawa wa askari waliobaki huko. Kwetu Kiswahili kilikuja na buti kuliko tanga. Basi ninaposoma juu ya askari walioteremshwa Mrima kwa meli huku Bushiri akinyimwa baruti, sisomi habari za watu wa mbali. Na Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilipoandikiana mkataba, Mjerumani aliiachia Uingereza Unguja na Uganda, naye akapewa, pamoja na mengine, Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini ambacho Berlin ilikitaka kwa ajili ya manowari zake. Nchi yetu isiyo na pwani iliwekwa kwenye mizani moja na kisiwa cha wanamaji.

Najua pingamizi: fasihi si historia, na mhakiki asimlazimishe mtunzi kusema asiyoyasema. Nakubali. Hemedi aliandika akiwa mtu wa Mrima, na yaliyopangwa London na Berlin hayakuwa mbele ya macho yake. Lakini neno alilolichagua ni kutamalaki, yaani kuimiliki nchi na kuitawala. Hakuliita jambo hilo ulinzi wa bahari. Siku hizi, tangu meli zianze kushambuliwa Bahari Nyekundu mwishoni mwa 2023, redio zetu zinasema "usalama wa bahari" bila kuuliza ni usalama wa nani. Mtunzi wa Mrima angeuliza.

Mjomba wangu anauza mitumba Arua. Mzigo wake kutoka Ulaya ulichelewa kwa wiki kadhaa, akaambiwa meli imezunguka Afrika Kusini. "Mwanangu, wewe uliyesoma," aliniuliza, "hiyo Bahari Nyekundu iko upande gani wa Mombasa?" Nilimchorea nyuma ya risiti: Suez juu, Mombasa katikati, Rasi ya Tumaini Jema chini kabisa, na Arua pembeni mbali na maji. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza manowari zilizoko huko ni za nani. Swali hilo, katika muhula mzima wa kuusoma utenzi wa Hemedi, sisi hatukuliuliza hata mara moja.