Klachi ya Hilux Uani: Zana Zinazoamua Kazi

Mtu akiamua kubadili klachi nyumbani, cha kwanza kukuonyesha ni boksi lake la spana. Spana hazina shida. Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, ile ya injini ya 2L inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hufunguka karibu yote kwa namba 10, 12, 14, 17 na 19, na seti hiyo ipo kwenye nyumba nyingi zenye gari. Kazi huharibikia penginepo: kwenye uzito wa giaboksi, na kwenye tundu dogo lililo katikati ya flaiwili. Fedha ya zana ielekezwe huko.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoua. Giaboksi ya gari la aina hii ina makumi kadhaa ya kilo, na gari lazima liinuliwe juu vya kutosha ili gubiko la giaboksi lipite chini ya fremu. Hapo panatakiwa stendi nne za chuma zenye pini au meno ya kufungia, zikae kwenye fremu yenyewe. Ua wa mchanga, kama zilivyo nyua nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, humeza mguu wa stendi polepole bila wewe kuona, kwa hiyo kila stendi iwekewe chini ubao mpana na mnene. Matofali ya saruji yasitumike kabisa. Tofali halitoi onyo: linabeba, linabeba, kisha linapasuka mara moja. Jeki nayo kazi yake ni kuinua; haijaumbwa kushikilia gari ambalo mtu amelala chini yake.

Jeki zinahitajika mbili. Ya kwanza, ya magurudumu, hubeba giaboksi ikiwa imefungwa kwa mkanda juu ya kipande cha ubao. Ya pili hukaa chini ya sampu ya injini, nayo iwe na ubao, kwa sababu ukishatoa kiunzi kinachoshika mkia wa giaboksi, injini haina tena cha kuiegemeza nyuma. Mafundi wengi huipokea giaboksi kifuani, wawili wamelala chali. Nawaheshimu kwa nguvu zao, lakini utaratibu huo siupendi. Mtu aliyechoka huiacha giaboksi ining'inie kwenye shafti yake ya mbele hali meno yamo ndani ya klachi pleti, na hapo pleti mpya hupinda kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Kufungua chenyewe kunakwenda haraka: waya hasi wa betri, mkono wa gia kutoka ndani ya kibini, propela shafti, stata. Piga alama ya rangi kwenye flenji ya propela kabla ya kuitenganisha, irudi ilivyokuwa, la sivyo huenda gari likatetemeka. Silinda ndogo ya klachi ifunguliwe boliti zake mbili tu na kutundikwa kwa waya bila kugusa bomba lake, ili usiingize hewa. Boliti za juu za giaboksi ndizo zinazokera. Shusha mkia wa injini kidogo, ukiangalia feni isiguse ganda lake, kisha pitisha ekstensheni ndefu yenye kiungo cha kupinda juu ya giaboksi. Bila kiungo hicho utakesha.

Giaboksi ikishashuka, vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini yaletayo saratani. Futa kwa kitambaa kilicholowa na uvae barakoa. Papo hapo kagua sili ya nyuma ya injini. Ikivuja, oili itaifikia klachi mpya, na kazi yote itarudiwa kwa ajili ya mpira wa bei ndogo. Flaiwili yenye madoa ya buluu au mipasuko midogo ipelekwe kwa mchongaji vyuma.

Sasa tundu la katikati. Klachi pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, na isipokaa katikati hasa, shafti ya giaboksi haitaingia kwenye beringi ndogo iliyo ndani ya tundu hilo. Zana yake ni kijiti chenye kipenyo cha meno ya pleti na ncha ya beringi hiyo. Cha plastiki huja ndani ya baadhi ya seti za klachi. Bora zaidi ni shafti kuukuu iliyotolewa kwenye giaboksi iliyokufa ya aina ileile, ambayo wauza vipuri vilivyotumika Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi wanaweza kukupatia. Upande wa pleti wenye springi utazame giaboksi. Boliti za presha pleti zikazwe kwa kuvukavuka, kidogo kidogo, hadi Nm 19. Hicho ni kipimo kidogo, racheti ndefu hukipita bila mkono kuhisi, ndiyo maana toki renchi ni ya lazima.

Kurudisha giaboksi kunarahisishwa na kitu ambacho hakiuzwi dukani: boliti mbili ndefu za uzi uleule, zikatwe vichwa, zifungwe kwenye injini kama reli. Giaboksi huteleza juu yake ikiwa imenyooka. Ikigoma milimita chache, usiivute kwa boliti, masikio ya aluminiamu yatavunjika. Zungusha shafti hadi meno yaingiane.

Kabla ya kufunga propela, ingiza gia, umwombe mwenzako akanyage pedali, nawe zungusha shafti ya nyuma kwa mkono. Pedali ikikanyagwa izunguke kwa wepesi, ikiachwa igome. Ikigoma nyakati zote mbili, huenda pleti imewekwa kinyume au imepinda, na giaboksi ishushwe sasa hivi, kabla hujatia oili.