Kipimo Kimoja kwa Makundi Mawili: Uhakiki wa Dhana ya Ufungamano na Taasisi katika Michezo ya Vyuo Vikuu

Makala haya yanahakiki namna dhana ya ufungamano na taasisi inavyotumiwa kuwalinganisha wafanyakazi wenye mshahara na watu wanaojitolea katika michezo ya vyuo vikuu. Hoja ya msingi ni kwamba ulinganishi huo, unapotegemea hojaji moja na wastani wa alama, huwapima wanaojitolea kwa kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yao.

Chimbuko la kipimo ni ajira. Hojaji ya Mowday, Steers na Porter (1979) ilijaribiwa kwa waajiriwa 2,563 wa taasisi 9. Baadaye Meyer na Allen (1991) waliigawa dhana hii katika sehemu tatu: ufungamano wa kihisia, ambapo mtu hubaki kwa sababu anaipenda taasisi, ufungamano wa gharama, ambapo hubaki kwa sababu kuondoka kutamtia hasara, na ufungamano wa wajibu, ambapo hubaki kwa sababu anaona inampasa. Ubora wa mgawanyo huu ni kubainisha kwamba watu wawili huweza kubaki mahali pamoja kwa sababu tofauti kabisa. Udhaifu wake hujitokeza unapohamishiwa nje ya ajira.

Udhaifu wa kwanza umo katika ufungamano wa gharama. Wazo hili linatokana na Becker (1960), aliyeeleza kuwa mtu hufungwa na vile alivyokwisha kuviwekeza, mathalani pensheni na ukongwe kazini. Mwalimu wa michezo aliyeajiriwa na chuo anavyo vitu hivyo. Mwanafunzi anayepanga ratiba ya mashindano ya mabweni hana. Akipata alama ndogo katika sehemu hiyo, alama hiyo haithibitishi ulegevu wake. Inathibitisha kwamba halipwi, jambo ambalo mtafiti alilijua kabla ya kugawa hojaji. Alama za sehemu zote tatu zikijumlishwa, tofauti ya mkataba hugeuzwa kuwa tofauti ya moyo.

Udhaifu wa pili unahusu muda. Mwajiriwa anayekusudia kuondoka huhesabiwa kuwa ufungamano wake umepungua. Hata hivyo, mwanafunzi wa shahada ya miaka 3 huondoka kwa kuhitimu, apende asipende. Kwake, maswali ya maana zaidi ni haya: je, alitimiza msimu aliouahidi? Je, alimwandaa wa kumrithi? Cuskelly, McIntyre na Boag (1998), waliowafuatilia viongozi wa kujitolea katika michezo kwa vipindi kadhaa, walionyesha kuwa utendaji wa kamati ulieleza ufungamano kuliko umri au miaka ya uanachama. Matokeo hayo yanaelekeza macho kwenye mazingira ya kazi badala ya tabia ya mtu binafsi.

Udhaifu wa tatu ni wa lugha, nao unawahusu moja kwa moja watafiti wanaoandika kwa Kiswahili. Neno "kujitolea" hubeba maana mbili: kufanya kazi bila malipo na kuifanya kwa moyo wote. Likitumiwa kutafsiri dhana inayopimwa, mtafitiwa asiyelipwa huulizwa kama anajitolea katika kujitolea kwake, na mwenye mshahara huweza kudhani anaulizwa kama yuko tayari kufanya kazi bure. Makundi mawili hujibu maswali mawili kwenye karatasi moja. Ndiyo maana makala haya yanatumia "ufungamano".

Aidha, mpaka baina ya makundi yenyewe si wa kudumu. Anayeitwa mtu wa kujitolea huweza kupokea posho ya safari, na mwajiriwa huweza kuhudumu mwisho wa juma bila nyongeza yoyote.

Suala hili lina uzito wa kivitendo. Hitimisho kwamba wanaojitolea "wana ufungamano mdogo" huweza kutumiwa kuwanyima mafunzo, nauli na nafasi katika kamati, ilhali mashindano hayaendi bila wao. Kwa hiyo, tasnifu inayolinganisha makundi haya inapaswa kutimiza masharti matatu: kutojumlisha alama za sehemu tatu, kuthibitisha kwamba kila swali lina maana ileile kwa makundi yote kabla ya kulinganisha wastani, na kuambatanisha usaili unaowaruhusu watafitiwa kueleza kwa maneno yao kinachowabakiza. Pasipo masharti hayo, tofauti inayoripotiwa inaweza kuwa ya kipimo, wala si ya watu.